Likizo Bila Kiti cha Kurudia ni Barua ya Kufutwa

Leo nimeweka vichekesho kando. Kuna sentensi moja imezoeleka sana kwa maofisi zetu na mimi nimechoka nayo: "Hapa kwetu sisi ni familia."

Unaambiwa hivyo siku ile unasaini mkataba. Unaambiwa tena ukiombwa ubaki mpaka saa tatu usiku bila ovataimu. Disemba unaambiwa mara ya tatu, mkiwa mmezunguka keki moja watu arobaini. Alafu familia yako ya ukweli inaguswa. Mathe anaanguka na kulazwa, ama mtoto anazaliwa kabla ya wakati, ama wewe mwenyewe unapasuliwa. Unaomba ruhusa, unapewa, unapigwa na pole nyingi. Ukirudi, ile familia ya ofisi imeshakutoa kwa kundi la WhatsApp na kiti chako kimepata mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu, na sitaupaka asali: Kenya tunapiga kelele kuhusu urefu wa likizo, lakini wizi wenyewe hufanyika Jumatatu ya kurudi. Mwajiri akikupa miezi mitatu ya kuondoka na asikupe mahali pa kurudi, hajakupa likizo. Amekufuta kazi kwa adabu, na amekuachia muda wa kutosha usipige kelele.

Wengi wetu hapa ndio tunaingia kwa kazi sasa. Tuna miaka ishirini na kitu, mkataba wa kwanza ama wa pili, na wazazi wetu wameanza kuugua. Sukari, presha, figo. Ukiwa kifungua mimba, wewe ndiye hospitali inapigia simu. Ukiwa kitinda mimba ambaye hajaoa wala kuolewa, kikao cha familia kinaamua bila kukuuliza: wewe utalala na mgonjwa. Na hapo bado hatujafika kwa watoto wetu wenyewe. Kwa hivyo usiscroll ukidhani haya ni mambo ya watu wazima wenye nyumba Syokimau. Ni yako. Kama si mwaka huu, ni mwaka ujao.

Tuanze na kile sheria imeandika, kwa sababu mabosi wengi wanategemea hujasoma.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Hiyo kila mtu anaijua. Sehemu ambayo watu hawaijui iko mistari miwili tu chini yake: muda ukiisha, mama ana haki ya kurudi kwa kazi ile ile aliyokuwa akifanya kabla hajaondoka, ama kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Soma tena hayo maneno, yasiyopungua. Kifungu hicho hicho kinasema likizo ya uzazi haili siku zako za likizo ya mwaka. Na baba anapata wiki mbili, mshahara kamili. Tangu 2021 kuna pia mwezi mmoja wa malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto anawekwa kwake katika safari ya kumlea kama wake kisheria.

Kifungu cha 30 ni cha wewe ukiugua. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 nyingine za nusu mshahara kwa mwaka, mradi uwe na cheti cha daktari. Ni kidogo, nakubali. Lakini hiyo ni sakafu, na mkataba wako unaweza kukupa zaidi.

Alafu kuna kifungu cha 46, ambacho kingefaa kuandikwa kwa ukuta wa kila ofisi kando ya ile picha ya rais. Kinataja sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kuzitumia kukufuta. Mimba imo. Na imo hii: kwamba ulienda likizo, ama uliomba kwenda likizo, ambayo ulikuwa na haki nayo kwa sheria au kwa mkataba. Kuomba tu kunalindwa. Sasa niambie, kama kuomba kunalindwa, mbona watu wanaomba likizo ya uzazi wakinong'ona kama wameiba?

Wanaogopa kwa sababu wameona vile mchezo huchezwa. Hakuna mwajiri mjanja ataandika kwa barua "tunakufuta kwa kuwa ulizaa." Anatumia njia tatu.

Ya kwanza ni kukuhamisha. Binamu yangu alikuwa msimamizi wa stoo kwa kampuni moja ya usambazaji hapa Nairobi. Alijifungua, akakaa miezi yake mitatu, akarudi. Kwa kiti chake akamkuta kijana ambaye alimfundisha kazi yeye mwenyewe, tena kwa hiari, ili mambo yasikwame akiwa nje. Akaambiwa, "Madam, tumekuwekea nafasi pale mapokezi, si unajua sasa una mtoto, hutaki presha." Mwezi wa kwanza mshahara ulikuwa ule ule. Wa pili, marupurupu ya simu na usafiri yakatoka. Wa tatu aliandika barua ya kuacha kazi. Leo ukiuliza hiyo kampuni watakuambia kwa uso mkavu: sisi hatukumfuta, aliacha mwenyewe.

Hiyo ya "aliacha mwenyewe" ina jibu. Mahakama zetu zinatambua kwamba mwajiri anaweza kukufukuza bila kutamka neno kufukuza, kwa kuyafanya masharti ya kazi yasivumilike mpaka utoke. Na kifungu cha 10 kinasema mambo ya mkataba wako yakibadilika, mwajiri lazima ashauriane na wewe na akujulishe kwa maandishi. Kuitwa kando na kuambiwa "tumekuwekea nafasi" si mashauriano. Ni tangazo.

Njia ya pili ni ile ya "kampuni inajipanga upya." Unarudi unapata nafasi yako imefutwa. Ajabu ni kwamba katika idara ya watu kumi na wawili, upepo wa kujipanga upya ulivuma kwa meza moja tu, ya yule aliyekuwa hospitalini na mzee wake. Kifungu cha 40 hakiruhusu mchezo huo. Mwajiri anayepunguza watu lazima atoe notisi isiyopungua mwezi, kwako kwa maandishi ama kwa chama chako cha wafanyakazi, na kwa afisa wa leba pia. Lazima achague wa kuondoka kwa kuangalia nani alikuja lini, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mmoja. Na lazima akulipe kiinua mgongo kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Uliza swali moja tu: barua ya afisa wa leba iko wapi? Utaona watu wakianza kutafuta faili.

Njia ya tatu ni ya polepole na ndiyo inayouma zaidi. Unarudi, kiti kipo, lakini ghafla kazi yako ambayo ilisifiwa miaka miwili imekuwa mbaya. Tathmini inashuka. Mikutano inafanyika bila wewe. Ukiondoka saa kumi na moja kukimbilia mtoto ama zamu ya wodi, kuna mtu anaangalia saa kwa sauti. Baada ya miezi mitatu unaitwa: "Hatuoni ile moto yako ya zamani." Hapa kumbuka vifungu viwili. Cha 41 kinasema kabla hujafutwa kwa utendaji mbaya, utabia mbaya ama udhaifu wa kiafya, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoelewa, ukiwa na mwenzako wa kazi ama mwakilishi wa chama, na usikilizwe. Cha 43 kinasema mkifika mbele ya hakimu, mzigo wa kuthibitisha sababu ni wa mwajiri. Akishindwa, kufutwa kwako ni kwa dhuluma, na mahakama inaweza kuagiza ulipwe mpaka mishahara ya miezi 12, ama urudishwe kazini.

Hizi si hadithi za vitabuni. Mwaka 2013 mahakama yetu ya mambo ya kazi iliamua kesi ya mwanamke aliyeachishwa kazi na benki, ikasema wazi kwamba kumtendea mtu vibaya kwa sababu ya mimba ni ubaguzi. Zaidi ya miaka kumi baadaye bado kuna msichana mahali fulani anavaa sweta kubwa mwezi wa tano ili bosi asijue.

Na kama unanyonyesha, Sheria ya Afya ya 2017 imemwambia mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea ama kukamulia maziwa, na akupe muda wa kufanya hivyo, mpaka jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Kukaidi kuhusu hicho chumba ni kosa kisheria. Sasa tembea kwa ofisi unazozijua uhesabu vyumba hivyo. Wanawake wanakamua maziwa chooni, wamesimama, wakiskia mtu akigonga mlango. Tunakula wapi sisi? Kwa meza. Chakula cha mtoto kinatayarishwa chooni, na tunaita hiyo ni kawaida.

Mpaka hapo nimezungumzia haki ambazo zipo na zinakanyagwa. Sasa nizungumzie ile ambayo haipo kabisa, na hii ndiyo inanikasirisha zaidi.

Mathe wako akilazwa kesho, Sheria ya Ajira ya Kenya haikupi hata siku moja ya kumhudumia. Siku za ugonjwa ni za ugonjwa wako wewe. Likizo ya uzazi ni ya mtoto mchanga. Mtoto wa miaka minne mwenye nimonia, mzee aliyepooza upande mmoja, mke anayepitia tiba ya saratani, wote hao kwa hiyo sheria ni hobi yako. Ile "likizo ya huruma" unayosikia inatoka kwa mkataba, kwa makubaliano ya chama cha wafanyakazi, ama kwa moyo wa bosi siku hiyo. Na moyo wa bosi unategemea Arsenal ilicheza aje.

Vuka mpaka pale Namanga. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za malipo mtoto wake akiugua ama akifa, ama akifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Afrika Kusini kuna siku 3 za majukumu ya familia. Hata Marekani, nchi ambayo sheria yake ya taifa mpaka leo hailazimishi mwajiri wa kawaida kulipa likizo ya uzazi, tangu 1993 wana sheria inayompa mfanyakazi mpaka wiki 12 za kumhudumia mtoto, mzazi au mwenzi aliye mgonjwa sana. Hizo wiki hazina malipo, na waajiri wa kibinafsi wenye wafanyakazi chini ya 50 hawamo. Lakini mwenye kustahili akirudi, lazima apewe kazi yake ama nyingine inayolingana nayo. Wamekunyima pesa, lakini kiti wamekiandika kwa sheria. Sisi kwa mgonjwa wa nyumbani hatujaandika hata kimoja.

Kwa hivyo mkenya anafanya nini? Anakula siku zake za likizo ya mwaka, zile 21, akiwa kwa benchi la wodi. Mwaka ukiisha hajapumzika hata siku moja na ofisi inamuita mvivu. Angalau jua hivi: hizo siku 21 ni haki yako kwa kifungu cha 28, na ukizitumia kumuuguza mtu bado ni likizo inayolindwa na kile kifungu cha 46. Hufai kufutwa kwa kuzichukua. Ni kiraka, si nguo, lakini kishike.

Najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia.

"Biashara ndogo zitakufa." Sikatai, mtu mwenye duka la wafanyakazi watatu anaumia mmoja akiondoka. Lakini kuumia kwake hakumaanishi mzigo wote abebe mgonjwa. Mpe kijana mwingine mkataba wa miezi mitatu, uandike wazi kwamba ni wa kushikilia. Vijana wamejaa mtaani na vyeti kwa bahasha, watafurahia hata hiyo. Na tazama vile inakuwa mkubwa mwenyewe akisafiri India kutibiwa wiki sita. Kuna mtu hukalia kiti chake? Hata kikombe chake cha chai hakiguswi. Kumbe kampuni inajua kungoja mtu. Inachagua tu wa kumngoja.

"Mkidai sana, wataacha kuajiri wasichana." Kwanza, kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa jinsia na wa mimba, hata kwa kuajiri. Pili, hiyo hoja inajichimbia kaburi. Likizo ya kumhudumia mgonjwa ikiwa ya kila mtu, mwanaume pia ataondoka kumpeleka babake kliniki. Bosi hatakuwa na jinsia ya kukimbilia. Na wanaume, acheni kuona haya kuchukua zile wiki mbili zenu. Kila baba anayerudi kazini siku ya tatu akijipiga kifua anamfanya mama wa meza ya pili aonekane mzembe.

"Shukuru una kazi, kuna watu huku nje." Hii ndiyo sumu yenyewe. Imetulea. Tumeambiwa kazi ni zawadi, na zawadi haina masharti. Lakini wewe hupewi mshahara, unaulipwa. Unauza muda na mgongo wako, na kwenye hiyo biashara kuna sheria. Ibara ya 41 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Haijasema kila mtu mwenye shukrani.

Sasa fanya hivi, hasa kama uko karibu kuondoka ama kurudi.

Omba likizo kwa maandishi, hata kama bosi ni mjomba wako. Kwa likizo ya uzazi toa notisi ya angalau siku saba. Taja tarehe ya kutoka na ya kurudi. Kabla hujatoka, piga picha mkataba wako, pesilipu za miezi ya karibuni na maelezo ya kazi yako, uyaweke kwa simu yako na si kwa kompyuta ya ofisi. Ukipewa mtu wa kushikilia, omba iandikwe kwamba anashikilia. Siku ya kurudi, kama umehamishwa, usigombane kwa korido. Tuma baruapepe fupi: nilikuwa nafanya kazi hii, leo nimeambiwa nifanye ile, naomba sababu kwa maandishi. Usisaini karatasi yoyote siku hiyo hiyo, hasa ile ya "kwa hiari yangu." Huna mkataba wa maandishi? Sheria inamlaumu mwajiri kwa hilo, na mkibishana kuhusu masharti, ni yeye atathibitisha. Ukifutwa, una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Usikae nyumbani ukisema "namwachia Mungu." Mungu amekuachia tarehe.

Na kabla hatujawachoma mabosi wote, tuangalie kwetu nyumbani. Yule dada anayemlea mtoto wa sista yako, ama anayepikia watu wenu Donholm, naye ni mfanyakazi chini ya sheria hii hii. Mwaka jana mwanawe aliugua huko ushago, akaomba wiki moja. Mlimpa nauli na pole, na alipopiga simu kusema amefika stendi anarudi, akaambiwa kuna mwingine. Wangapi wetu tumeliona hilo kwa sebule zetu na hatukusema kitu? Huwezi kudai kiti chako kwa ofisi ya ghorofa ya tisa na nyumbani kwenu uwe unameza cha mwenzako.

Ninachotaka kutoka kwa Bunge ni kitu cha kurasa mbili. Siku za malipo kwa kila mfanyakazi za kumhudumia mtoto, mzazi ama mwenzi mgonjwa. Muda mrefu zaidi, hata bila malipo, kwa ugonjwa mzito. Na sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba anayerudi anarudi kwa kazi yake. Maneno yenyewe tayari yako kwa kifungu cha 29. Yanyanyueni tu, muwafikishie na wengine.

Wewe unayesoma, kuna mwenzako wa kazi ambaye saa hii yuko nyumbani na mtoto mchanga ama yuko kwa benchi la wodi. Unajua kinachoendelea kwa meza yake kuliko yeye. Mpigie leo. Mwambie nani amekaa hapo na tangu lini, na umtumie hiki kifungu kabla hajarudi Jumatatu.